Mgeni siku mbili, kodi siku ya tatu

Baadhi ya nchi tajiri huwasamehe walimu wa kigeni kodi ya mapato. Je, mwalimu wa Uvira ya Kongo, Kigoma au Nairobi anayeshika chaki Kinama, mtaa wa Bujumbura, astahili msamaha huo?

Mwalimu anayelipwa faranga 400,000 kwa mwezi mjini Bujumbura hazipeleki zote nyumbani. Kwa viwango vya sheria ya kodi ya mapato ya Januari 2013, faranga 150,000 za kwanza haziguswi. Faranga 150,000 zinazofuata hukatwa asilimia 20, yaani 30,000. Chochote kinachozidi 300,000 hukatwa asilimia 30, na kwa mwalimu wetu hiyo ni 30,000 nyingine. Tukiweka kando mchango wa hifadhi ya jamii ili hesabu iwe nyepesi, faranga 60,000 zinakwenda kwa OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi, kabla mwalimu hajanunua hata kilo moja ya maharage katika soko la Kinama.

Hesabu hiyo haiulizi pasipoti. Sheria inataka kujua mtu anaishi wapi na pato lake linatoka wapi. Anayefanya kazi Burundi kwa mshahara wa Burundi hutozwa Burundi, na akikaa siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mkaazi kama jirani yake aliyezaliwa Ngozi au Muyinga. Majina hayo mawili si ya mbali kwa mtu wa Kinama: katiye nyingi za zoni hii, kaskazini mwa jiji katika komine ya Ntahangwa, zina majina ya mikoa ya zamani ya nchi. Mtu anaweza kutoka Gitega kwenda Ruyigi kwa miguu na bado akawahi kengele ya shule.

Ni mtaa unaopokea watu. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani, lakini sokoni, kwenye gereji na kwenye vituo vya basi Kiswahili kinapita bila kuomba njia, kile chenye ladha ya ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, na kile cha Kigoma. Mwalimu Mkongo au Mtanzania hawi kioja hapa. Ndiyo maana swali la kodi ya mwalimu wa kigeni, ambalo kwingine hujadiliwa na wanasheria wa mikataba, hapa linamhusu mtu mwenye sura: yule anayefundisha watoto wa mtaa huu na jioni anavuka mtaro kurudi chumba chake cha kupanga.

Wanaosamehewa Seoul

Tuanze mbali. Korea Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango wa serikali unaoitwa EPIK, wa kuleta walimu wa Kiingereza katika shule za umma. Waombaji hutoka nchi saba tu, na Afrika Kusini ndiyo pekee ya Afrika katika orodha hiyo. Mwalimu Mmarekani anayeajiriwa huko anaweza kufundisha miaka miwili bila kukatwa kodi ya mapato ya Korea. Hiyo si huruma ya mwalimu mkuu. Imeandikwa katika kifungu cha 20 cha mkataba wa kodi kati ya Marekani na Korea, uliosainiwa 1976 na kuanza kutumika 1979. Masharti yake ni matatu: awe amealikwa, awe anakwenda kufundisha au kutafiti katika taasisi ya elimu inayotambuliwa, na muda wa mwaliko usitarajiwe kuzidi miaka miwili.

Shule ya umma huingia katika kifungu hicho bila ubishi. Vituo vya masomo ya ziada vya watu binafsi, ambavyo Wakorea huviita hagwon, hubaki nje. Kwa hiyo Wamarekani wawili wanaofundisha sarufi ileile katika mji mmoja wanaweza kupokea mishahara inayotofautiana, kwa sababu tu mwajiri wa mmoja ni serikali na wa mwingine ni mfanyabiashara.

Msamaha huo hauji wenyewe. Mwalimu hutakiwa kuleta hati kutoka mamlaka ya kodi ya kwao, inayothibitisha kuwa yeye ni mkaazi wa kule kwa madhumuni ya kodi. Kwa Mmarekani hati hiyo inaitwa Fomu 6166. Asipoileta, anakatwa kama Mkorea. Tena kusamehewa na Korea hakumaanishi kuwa amekwepa kodi kila mahali, maana nchi yake inabaki na haki ya kumdai. Afrika Kusini ilikaza uzi tangu Machi 2020: mkaazi wake wa kikodi anayefanya kazi ughaibuni husamehewa hadi randi milioni 1.25 kwa mwaka, na kinachozidi hapo kinatozwa nyumbani. Mshahara wa mwalimu wa EPIK haufiki huko, lakini ujumbe umefika.

Na fadhila hizi zimeanza kupungua. Japani, inayoleta walimu wasaidizi wa lugha tangu 1987 kupitia mpango wake wa JET, ilikuwa na kifungu cha miaka miwili katika mkataba wake na Marekani. Itifaki iliyoanza kutumika Agosti 2019 ilikifuta. Mfano wa mkataba unaotolewa na OECD, shirika la nchi tajiri, na ule wa Umoja wa Mataifa haina kabisa kifungu cha walimu. Kila nchi inayokitaka hukiombea mezani.

Wahenga wa Kiswahili wangekielewa kifungu hicho mara moja: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miaka miwili ni siku zake za ugeni. Amekuja na ujuzi, atarudi kwao, na kumwingiza katika daftari la kodi kwa muda mfupi hivyo ni usumbufu kuliko faida. Akibaki mwaka wa tatu, amekuwa mtu wa mji, ashike jembe.

Msamaha ulifuata mshahara

Burundi nayo iliwajua walimu wa kigeni waliokuwa nje ya daftari la kodi. Baada ya uhuru wa Julai 1962, lise na vyuo vya nchi hii viliendelea kutegemea Wabelgiji na baadaye Wafaransa waliokuja chini ya mikataba ya ushirikiano. Wazee wa Bujumbura bado wanawakumbuka kwa jina lao la Kifaransa, coopérants. Walifundisha hisabati, fizikia na Kifaransa, na mishahara yao ilitoka katika hazina za nchi zao.

Kanuni iliyowakinga watu wa aina hiyo inaeleweka kirahisi, na imo katika kifungu cha 19 cha mifano yote miwili ya mikataba, ya OECD na ya Umoja wa Mataifa: mshahara unaolipwa na serikali kwa mtumishi wake hutozwa kodi na serikali hiyo tu, hata kama mtumishi yuko ugenini. Tanzania imeiandika kanuni hiyo katika sheria yake ya kodi ya mapato ya 2004. Jedwali la pili la sheria hiyo linasamehe pato la mtumishi wa serikali ya kigeni aliyeko nchini kwa sababu ya kazi hiyo tu, ikiwa analipwa kutoka fedha za umma za nchi yake.

Tukiutazama vizuri, msamaha huo haukutolewa kwa sababu mtu ni mwalimu, wala kwa sababu ni mgeni. Ulifuata mfuko unaomlipa. Nyuma ya coopérant kulikuwa na hazina ya Brussels au Paris, ubalozi, na mkataba wenye mihuri miwili. Nyuma ya Mmarekani wa Seoul kuna mkataba wa 1976. Mwalimu wa Uvira anayefundisha Kinama hana chochote kati ya hivyo. Ameajiriwa hapa, analipwa faranga za hapa, na hakuna wizara ya kwao inayojua kuwa yuko darasani.

Mlango ulioachwa nusu

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipaswa kuwa jibu. Burundi ilijiunga Julai 2007 pamoja na Rwanda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu chake cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kutafuta kazi na kuajiriwa katika nchi nyingine bila kubaguliwa kwa uraia. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi zitambue vyeti vya wenzao. Kifungu cha 32 kinazitaka zioanishe sera na sheria za kodi hatua kwa hatua.

Lakini kifungu kilekile cha 10 kina aya ya kumi, na huko ndiko mwalimu anakokwama. Inasema haki hizo hazihusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa sheria za nchi mwenyeji ziruhusu. Mwalimu wa shule ya umma ni mtumishi wa umma. Kwa maneno mengine, mlango wa soko la ajira umefunguliwa kwa fundi na mhasibu wa kampuni, ila wa darasa la serikali umeachwa nusu, kila nchi iamue yenyewe.

Matokeo yake yanaonekana. Mwalimu wa jirani akija Bujumbura, njia iliyo rahisi kwake ni shule ya binafsi. Humo mambo mawili yanawezekana. La kwanza, apewe mkataba, namba ya mlipakodi ambayo kila mtu mjini huiita NIF, na makato ya kila mwezi. La pili, alipwe mkononi mwisho wa mwezi, bila karatasi. Huyo wa pili amesamehewa kodi na watu ambao hawana mamlaka ya kumsamehe. Hakatwi faranga 60,000, lakini pia hana pensheni, hana ushahidi kuwa aliwahi kufundisha, na siku mwajiri akimwambia asirudi Jumatatu hana pa kushika.

Kati ya njia hizo mbili, yenye kodi ndiyo iliyo nafuu.

Uhitaji haujaisha

Mtu anaweza kuuliza kama Burundi inawahitaji walimu wa jirani, ilhali vijana wake wenye vyeti wanatafuta kazi. Kwa masomo mengi jibu ni hapana. Kwa lugha, ni vigumu kusema hivyo.

Mwaka 2005 serikali ilifuta ada ya shule ya msingi, na madarasa yakajaa hadi zamu mbili zikawa jambo la kawaida. Karibu na wakati huohuo Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule ya msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa, nchi ikijiandaa kuishi na wenzake wa Jumuiya. Mwaka 2013 likaja badiliko la shule ya msingi ya miaka tisa. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kifaransa alijikuta na lugha nne za kugawa, mbili kati yake alizijua kwa kuzisikia mtaani. Mwalimu wa Kinama ana afadhali katika Kiswahili. Mwenzake wa kule milimani, ambako Kiswahili husikika redioni tu, hana.

Rwanda ilipogeukia Kiingereza mwaka 2008 ilikumbana na tatizo hilohilo, na haikuona haya kutafuta nje. Mwaka 2021 ilisaini makubaliano na Zimbabwe, na Oktoba 2022 walimu 154 wa Zimbabwe walitua Kigali kwenda kufundisha. Zimbabwe haimo hata katika Jumuiya. Ilitosha serikali mbili kukaa mezani na kukubaliana nani anahitajika, wapi, na kwa masharti gani. Kwa Kiswahili, Burundi haihitaji kupanda ndege. Kigoma iko ufukweni mwa ziwa hilihili.

Kodi mara mbili, au kodi kubwa zaidi

Hofu ya mwalimu anayevuka mpaka si kulipa kodi. Ni kulipa mara mbili. Mfikirie Mtanzania aliyeacha mke na watoto katika nyumba yake Kigoma, akafundisha Bujumbura mwaka mzima na kurudi likizo. Burundi itasema ni mkaazi wake, amezidisha siku 183. Tanzania nayo itasema ni mkaazi wake, kwa kuwa ana makazi ya kudumu kule na amekanyaga nchini ndani ya mwaka. Kila upande una sheria ya kuusimamia.

Nchi za Jumuiya ziliona shimo hilo mapema. Tarehe 30 Novemba 2010 zilisaini makubaliano ya kuzuia kutoza kodi mara mbili. Lakini makubaliano hayo yanahitaji kuridhiwa na wote waliosaini, na zaidi ya muongo mmoja baadaye hayakuwa yameanza kufanya kazi. Kongo, iliyoingia Jumuiya mwaka 2022, haikuwapo mezani siku ile. Mwalimu wa Uvira, aliye karibu zaidi na Kinama kuliko wote, ndiye aliye mbali zaidi na kinga hiyo.

Kuna na mtego wa upande wa pili, ambao Mrundi anayekwenda kufundisha kwa jirani hapaswi kuupuuza. Tanzania humtoza mkaazi kwa ngazi: hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hakuna kodi, kisha asilimia 8, 20, 25 na 30 kadiri mshahara unavyopanda. Kwa mshahara wa shilingi 800,000 mkaazi hukatwa 78,000. Asiye mkaazi hana ngazi. Hukatwa asilimia 15 tangu shilingi ya kwanza, yaani 120,000 kwa mshahara uleule. Na mwaka wa kodi wa Tanzania ni wa kalenda. Mrundi atakayeanza kazi tarehe 1 Agosti, bila makazi ya kudumu kule, atafika 31 Desemba akiwa na siku 153 tu. Kwa miezi mitano hiyo ugeni wake haumletei msamaha wowote. Unamgharimu shilingi 42,000 kila mwezi.

Hata bila mkataba, kuna kinga ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Tanzania inamruhusu mkaazi kupunguziwa kodi ya nyumbani kwa kiasi alicholipa ugenini, na Kenya inafanya hivyo kwa raia wake wakaazi. Ila mamlaka hutaka karatasi: stakabadhi za makato na uthibitisho wa mamlaka ya nchi alikofanya kazi. Mwalimu aliyekatwa faranga 60,000 kwa mwezi na kuzihifadhi karatasi zake anaweza kudai haki hiyo. Aliyelipwa mkononi akirudi nyumbani na kuulizwa pato lake la nje, hana cha kuonyesha.

Aliyekuja bila kuchagua

Kinama ina mwalimu wa kigeni mwingine ambaye hakuja kwa mkataba wowote. Mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura imewapokea Wakongo waliokimbia vita kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu zaidi walivuka kuingia Burundi vita viliposogea Kivu Kusini. Miongoni mwa wakimbizi wa mijini daima kuna walimu, maana shule ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa.

Kwa huyu, sheria ya kimataifa imesema jambo moja waziwazi. Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Burundi imeridhia tangu 1963, kinakataza kumtoza mkimbizi kodi, ada au ushuru mkubwa kuliko anaotozwa raia aliye katika hali kama yake. Hakimsamehe. Kinamweka sawa na raia, na nadhani hicho ndicho kipimo kinachofaa kwa mwalimu yeyote wa jirani.

Sawa, na mara moja

Tuseme serikali inaamua kesho kuwasamehe kodi walimu wote wa kigeni katika shule za umma. Katika chumba cha walimu cha Kinama watakaa wawili, mshahara mmoja wa 400,000. Mkongo atabeba zote. Mrundi, aliyesimama mbele ya darasa lilelile zamu ya asubuhi, atabeba 340,000. Hakuna mkurugenzi wa shule atakayeeleza tofauti hiyo ikaeleweka, na mgeni ndiye atakayelipa kwa namna nyingine: kwa kununiwa. Korea inaweza kuimudu tofauti kama hiyo kwa sababu mgeni wake huondoka baada ya miaka miwili. Mwalimu wa Uvira huenda asiondoke, na wala hatutaki aondoke.

Kama ni nafuu inayotafutwa, basi iwe ya wote wawili. Faranga 150,000 zisizotozwa zilikuwa na thamani ya karibu dola 97 kwa bei rasmi sheria ilipotoka mwaka 2013. Baada ya faranga kushushwa thamani Mei 2023, faranga hizohizo hazikufika dola 55 kwa bei rasmi, na kwa bei ya wabadilishaji wa mtaani zilikuwa pungufu zaidi. Kizingiti kisichopanda pamoja na bei za sokoni huwaingiza katika kodi watu ambao sheria ilikusudia kuwaacha. Kukipandisha kungemfaa mwalimu wa Ngozi na wa Kigoma kwa pigo moja.

Kwa mwalimu wa jirani peke yake, madai ni matatu na hayana gharama kubwa. Nchi za Jumuiya ziridhie makubaliano ya 2010 na kuwafungulia wanachama wapya, ili mtu ajue kodi yake inalipwa wapi, na ilipwe mara moja. Burundi itumie ruhusa iliyomo katika aya ya kumi ya kifungu cha 10, ifungue shule za umma kwa walimu wa Kiswahili na Kiingereza kutoka nchi wanachama, kwa mikataba yenye muda na mahali panapojulikana, kama Rwanda ilivyofanya na Zimbabwe. Na kila mwajiri wa mwalimu wa kigeni, wa umma au wa binafsi, alazimishwe kumpa mkataba, NIF na stakabadhi ya makato kila mwezi.

Msamaha wa kodi uliundwa kwa ajili ya mgeni mwenye hazina nyuma yake. Mwalimu anayevuka Rusizi au ziwa kuja kufundisha Kinama anahitaji kazi inayotambuliwa na kodi anayoweza kuithibitisha. Akipata hivyo viwili, jembe la siku ya tatu atalishika kama mwenyeji, na atakuwa na haki ya kudai anachodai mwenyeji.